Sosi ya Chokoleti Iliyomnyamazisha Wifi

Jumapili nilikwenda kwa jirani yangu hapa Madale kuazima ungo. Ungo ninao, ila nilisikia mkwe wake mpya anajaribiwa jikoni, na mie mambo kama hayo hayanipiti.

Binti alikuwa ameahidi kuimwagia keki ya mama mkwe wake sosi ya chokoleti. Wifi yake, kajishika kiuno mlangoni, akacheka. "Mwenzetu, sosi inauzwa supamaketi, kwenye chupa. Utatuaibisha mbele ya wageni."

Na kweli, mara ya kwanza alitumbukiza kakao kwenye maziwa yanayochemka, ikafanya mabonge. Wifi akanikonyeza. "Bibi, umeona? Kaka kaokota huyu."

Binti akamwaga, akaanza upya. Safari hii kakao aliikoroga kwanza na maji baridi, kama tunavyokoroga unga wa uji, ndipo akaimimina polepole kwenye maziwa na sukari, mwiko hautulii. Akatia siagi. Sosi ikang'aa, ikateremka kwenye keki bila hata punje.

Mama mkwe alionja, akafumba macho. "Mwanangu, hebu niletee na iliyobaki."

Sufuria haikuonekana. Tukamkuta wifi uani, kaipakata, anakomba kwa kidole, chokoleti mpaka puani.

Mama yake akamtazama weee. "Ukishalamba, mwombe wifi yako akufundishe."

Akaomba, jamani! Tena kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, na masikio yangu mnayajua.