Kapaliwa

Kama ni nimonia, mbona imeshika mapafu yote mawili kwa mpigo? Swali hilo lilininyima usingizi. Nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi tu, na hospitali yetu ya Morogoro ilikuwa imenikabidhi wodi ya wanaume.

Mgonjwa alitoka Mgeta, akihema kama aliyekimbizwa mlimani. Nilipomuuliza mkewe mumewe alikuwa akifanya nini kabla ya kubanwa na pumzi, alijibu kwa lafudhi ya Kiluguru neno moja, na mimi nikasikia "kapalia". Mtu wa Mgeta, nikawaza, bila shaka yuko kwenye kabeji zake. "Pole mama, jua kali," nikasema. Alinitazama kwa mshangao. Niliona haya kumwomba arudie. Msomi asiyeelewa Kiswahili! Nikaandika penisilini na dripu ya kasi, kama kwa mtu aliyekaushwa na jua.

Asubuhi hali ilikuwa mbaya zaidi. Oksijeni ilifunguliwa yote, lakini midomo ilibaki myeusi. Moyo haukuwa na kasoro: mishipa ya shingo haikujaa, miguu haikuvimba. Picha ya kifua ilionyesha weupe pande zote. Chuoni tulifundishwa kuhusu mapafu yanayoungua au kupata mshtuko hadi yakavuja, maji yakajaa mahali pa hewa. Lakini palizi haiunguzi mapafu. Au inaunguza?

"Ndugu daktari," sista wa wodi akasema, "kitanda hicho utakizunguka mpaka lini? Si umuulize mkewe?"

Nikamfuata mkewe barazani.

"Shikamoo mama. Samahani, alikuwa anapalia shamba gani?"

"Shamba? Nani kasema shamba? Kapaliwa! Alikuwa ananyonya dizeli kwa mpira, ikamwingia kifuani. Yule ni dereva wa lori la kijiji. Apalie! Toka anioe sijamwona na jembe." Kisha kicheko kikamkauka. "Sasa jana ulikuwa unaitikia nini, mwanangu?"

Tangu jana nilikuwa nikimwongezea maji mtu anayezama kwa ndani.

Niliporudi, daktari mkuu alikuwa anaingia kwa raundi, na kundi zima la madaktari na wauguzi nyuma yake. Ningeweza kuipunguza dripu kimyakimya na kusema ugonjwa umebadilika. Nililiwaza hilo, tena kwa kirefu, kama ninavyowaza kila kitu, na uso ukaniwaka kabla sijafungua mdomo.

Nikaifunga dripu mbele yao, nikamwinua mgonjwa mgongo kwa mito.

"Mzee, nimekosea," nikamwambia daktari mkuu. "Alipaliwa dizeli, mimi nikamjaza maji. Mapafu yanavuja. Naomba gari tumpeleke Dar kwenye mashine ya kupumulia. Nitakaa naye nyuma, na mtungi wa oksijeni."

Mtu mmoja akaguna. Daktari mkuu aliinua picha dirishani, akaitazama, akamtuma sista kumwita dereva wa gari la wagonjwa.

Nikashika machela upande wa kichwa.