Sumaku Iliyopelekwa kwa Mhunzi

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Wenzangu walizaliwa na miguu ya kusafiri. Mimi, alisema mama, nilizaliwa na makalio ya kukalia kigoda. Ndiyo maana serikali, kwa hekima yake, ikanitoa Iringa ikanipeleka kufundisha shule ya kati kwenye vilima vya juu ya mji wa Mbeya, ambako baridi ni ile ile ya kwetu, ila moto wa kuota ni wa watu wengine.

Mama alibaki peke yake. Baba alikuwa amekwisha kufa, na dada zangu waliolewa mbali. Macho yake yalianza kufifia; kila likizo nilimkuta amesogea karibu zaidi na jiko, akipapasa kutafuta mwiko. Kwa hiyo niliposikia kwamba shule ya jirani na kwetu inatafuta mwalimu, niliomba uhamisho siku ile ile.

"Mkaguzi anakuja," mwalimu mkuu akaniambia. "Atakaa darasani kwako, somo la sayansi. Ukimpendeza, utakwenda kwa mama yako."

Somo lenyewe lilikuwa sumaku na umeme. Umeme nilikuwa nimeusoma vitabuni nilipokuwa sekondari, na swichi niliibonyeza bwenini mara nyingi kuliko ilivyoruhusiwa. Utaalamu wangu uliishia hapo. Pale shuleni, jioni ikiingia, tuliziona taa za mji kule chini, mitaa ya Wazungu na maduka ya Wahindi, nasi huku juu tukisahihisha madaftari kwa kibatari.

Sumaku tulikuwa nayo moja, imepinda kama kwato, imepakwa rangi nyekundu. Watoto waliipenda mno, wakawa wanaiangusha sakafuni, mpaka ikawa hoi: inashika pini moja, tena kwa kusitasita. Siku moja nikaguna mbele ya darasa kwamba chombo hiki kimechoka, kingefaa kitengenezwe kabla mgeni hajafika.

Kiranja wangu, mtoto mwenye adabu kuliko wote, alinisikia. Kwao jembe likichoka hupelekwa kwa mhunzi. Akaipeleka. Mhunzi naye, fundi hodari, akaitia motoni mpaka ikawa kama kaa, akaifua kwa nyundo, akaikunja upya ikakaa sawa kuliko ilivyotoka kiwandani. Asubuhi ya ukaguzi kiranja akanikabidhi kwa mikono miwili, inang'aa. Haikushika hata pini. Moto na nyundo ndivyo vinavyoiua sumaku, na hilo nilikuwa nimepanga kulifundisha wiki ya pili yake.

"Ahsante sana," nikamwambia. Ungemwambia nini?

Mlangoni alikuwa amesimama mwalimu wa darasa la tano, Mngoni. Sisi Wahehe na Wangoni ni watani: babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaturithisha matusi ya bure. Mtani hakasirikiwi. Akuambialo unalipokea kwa kicheko, hata likikuchoma. Akaigeuza ile sumaku kiganjani.

"Mhehe, hii sasa ni jembe. Mpelekee mama yako akalimie."

"Kwenu mnalimia nini, Mngoni? Kucha?"

"Kamwene," akanijibu kwa salamu ya kwetu, akiikunja sauti kama bibi kizee. "Kwa mama huendi mwaka huu."

Hapo akili ikanijia, nami si mtu wa kujiwa na akili mara nyingi. Nikang'oa waya wa dainamo kwenye baiskeli yangu, nikauzungusha kwenye msumari mrefu, na somo lilipoanza nikagusisha ncha zake na betri za tochi. Msumari ukanyakua pini. Nikaachanisha waya, pini zikadondoka. Nikaunganisha, zikarukia tena. Watoto wakainuka kwenye madawati. Mkaguzi, Mzungu mrefu aliyekaa nyuma magoti yakikaribia kidevu, naye akainuka.

Msichana wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, umeme huu na ule wa kule chini mjini ni mmoja?"

"Ni mmoja."

"Mbona ule hauji huku?"

Mkaguzi alikuwa akisikiliza. Yalikuwapo ya kumjibu, lakini nilikuwa na mama. "Baiskeli ya mwalimu imeishiwa waya," nikasema. Watoto wakacheka, na mkaguzi akacheka. Msichana hakucheka.

"Somo zuri sana, Mwalimu," mkaguzi akasema, akinishika mkono. Moyoni nilikwisha kufunga sanduku. Kutoka kwangu akaingia kwa Mngoni, akamkuta amechora ramani ambamo mto Ruaha ulikuwa unapanda mlima.

Baada ya majuma kadhaa mwalimu mkuu aliniita, uso wote tabasamu. "Hongera. Mkaguzi amesema mtu kama wewe haachiwi. Utafundisha sayansi madarasa yote."

"Na ile nafasi ya kwetu?"

"Ile ni shule ndogo tu, bwana. Amepelekwa mwenzako. Huku hawamtaki."

Basi mtani akaondoka na sanduku lake, na blanketi nililomtuma kwa mama. Gari lilipoanza kutembea akatoa kichwa dirishani. "Mtani, nakwenda kukalia kigoda chako. Wewe baki na msumari."

Nikacheka. Mila ni mila.

Na kweli alikikalia. Kila likizo mama alinisimulia habari zake: jinsi anavyompasulia kuni, jinsi anavyomtukana akimwita mke wake mkubwa, jinsi anavyomsogezea mwiko mkononi. Alisimulia akicheka, akiitazama sehemu niliyokuwa nimekaa dakika chache kabla.

Mama alikufa kipindi cha mvua. Basi langu lilikwama kwenye tope, na nilipofika walikuwa wamekwisha kuzika. Kwetu kaburi huchimbwa na watani, wakifanya mzaha ili wafiwa wapumue. Mngoni ndiye aliyewaongoza. Alinijia mikono imejaa udongo, watu wote wakitazama.

"Mhehe, umefika. Mama yako amekungoja mpaka amechoka. Nimemwambia asikulaumu, mwanawe ana kazi kubwa, anafundisha misumari kushika pini."

Watu wakacheka, kama inavyopasa. Kisha wakanigeukia, maana mtani lazima ajibiwe, na mimi nilijulikana kwa majibu.

"Kamwene, Mngoni," nikasema. "Kazi yangu umeifanya vizuri."

Wakacheka tena. Walidhani namtania.