Kisima kinachokula saruji kimemuua shemeji yangu, sasa mume wangu anataka kushuka

Admin, naomba unifichie jina, maana ukoo wa mume wangu karibu wote uko humu.

Mimi ni mama wa miaka 36, nina watoto watatu. Zamani nilipanga chumba mjini, Kaloleni, nikiuza nguo, ndoa ndiyo ikanileta huku magharibi ya Mlima Meru, kwa watu wa kilimo na mifugo.

Nyumbani kwetu kuna kisima kirefu alichokiacha baba mkwe, kimechimbwa kwa mkono na kusakafiwa kwa saruji. Maji yake yanatoa povu dogo dogo kama soda, watoto wanayapenda. Hatukujua hilo povu ndilo linatumaliza. Saruji ikaanza kulainika, ukiigusa inabaki mkononi kama chaki. Ikamomonyoka, maji machafu ya zizini yakapenya, watoto wakaharisha mpaka mdogo akalazwa. Tukapiga plasta upya, nayo ikaliwa. Mtaalamu wa maji alikuja akamwambia mume wangu waziwazi, "Kaka, hii ni hewa ya kaboni inatoka chini ya mlima. Ikiyeyuka kwenye maji yanakuwa makali, yanakula chokaa iliyomo kwenye saruji. Mtapiga plasta mpaka mchoke. Na msishuke humo, hewa hiyo ikijaa chini inaua."

Wanaume wa nyumbani wakaona anatutisha tu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akashuka asubuhi na ndoo ya saruji huku akiimba wimbo wa kwaya. Mume wangu alishika kamba, mimi nakoroga saruji. Mara wimbo ukakatika.

Mume wangu akainama kisimani, "We, vipi huko?"

Kimya.

Tulivuta wote, hata mama mkwe alivuta. Alipofika juu alikuwa ameshalegea, macho wazi, hana hata mchubuko. Jamani, ule ukimya bado ninao masikioni.

Tangu tumzike shemeji, mume wangu hali chakula vizuri wala haongei. Juzi kaja na mifuko ya saruji. Nikamuuliza ya nini. "Namalizia kazi ya mdogo wangu." Nilipiga magoti, nikamwambia tukifukie hicho kisima. Akanijibu, "Ng'ombe watakunywa nini? Wanao watakunywa nini?" Bomba la kijiji limekauka, na mto uko mbali.

Nikakimbilia kwa mama mkwe nikijua yeye atamkataza. Nikamwamkia, shikamoo mama, nikamweleza nikilia. Akasema bila kunitazama, "Kisima kikibomoka, mwanangu atakuwa amekufa bure. Mwache amalize." Mama aliyewazaa wote wawili! Mwenyekiti wa kijiji naye kaniambia, "Hayo ni mambo ya familia, mama."

Anashuka Jumamosi. Kaniambia kamba nitashika mimi, na nikikataa ataifunga kwenye mti ashuke peke yake. Nikienda mjini kwa dada yangu Kimandolu na watoto, nitakuwa nimemwacha afe bila mtu. Nikibaki, nitamsikia akinyamaza. Na hata akitoka salama, hiyo plasta italiwa tena, atashuka tena.

Ndugu zangu, dada zangu, sina nguvu tena ya kubishana na mtu. Mwenye neno anipe kabla ya Jumamosi. Nibaki niishike hiyo kamba, au niondoke?