Kufuli la Tangi

Ko, ko, ko. Kabla pikapu ya baba mdogo haijakunja kona ya msikiti, mtaa wetu wa Ujiji ulikuwa umeshaisikia. Haikuwa injini wala honi. Honi ilikufa kabla sijaanza shule. Lilikuwa kufuli. Kufuli la shaba, kubwa kama ngumi ya mtoto, lilining'inia kwenye mdomo wa tangi la petroli na kugonga ubavu wa gari kila lilipopita shimo, na barabara yetu ilikuwa na mashimo mengi kuliko barabara.

Miaka ile watu walikuwa wakivuka ziwa usiku na mchana, wakikimbia vita vya ng'ambo. Walishuka ufukweni Kibirizi na magodoro yaliyolowa, na sufuria, na wengine na funguo za nyumba zilizokwisha kuungua. Babu yetu mwenyewe alivuka maji hayo hayo akitokea Manyema, na sijasikia kwamba alionyesha cheti kwa mtu. Lakini Ujiji ni mji wenye kumbukumbu fupi unapotaka. Mzee asiyejua kaburi la babu yake liko wapi alikaa barazani na kikombe cha kahawa, akawahesabia wageni dhambi zao.

Baba mdogo alikuwa wa kwanza katika wazee hao. Asubuhi moja alichungulia tangi, akaona petroli imepungua kuliko alivyokumbuka, na kwa kuwa hakuwahi kuipima, kumbukumbu yake ndiyo ilikuwa kipimo.

"Mkimbizi ananusa petroli kama nzi anavyonusa kidonda," alisema.

Kifuniko cha tangi kilikuwa na kasoro moja tu machoni pake, kwamba kilifunguka. Akakikatia mpira wa ndani wa baiskeli, tabaka mbili, akautandika chini yake na mwingine akauzungushia juu. Akamwita mchomeleaji aweke pete mbili za chuma, akapitisha kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni, chini ya kanzu. Alipomaliza alipiga kifuniko kofi kama anayempongeza mtoto. Hata harufu ya petroli haikutoka.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri majibu, na katika kusubiri nilikuwa karani wa magunia. Tulichukua dagaa Kibirizi, tukapanda nao mlimani Kalinzi, tukarudi na maharage na mikungu ya ndizi. Wiki ya pili baada ya kufuli, pikapu ikaanza kuugua. Ilitoka ufukweni ikiimba. Ikifika katikati ya mlima ilikohoa, ikajivuta hatua chache, ikakata. Tulikaa kando ya barabara tukinuka dagaa, wapita njia wakitupa salamu ya "mwakeye" na kicheko. Baada ya nusu saa iliwaka kana kwamba haikuwahi kufa, ikapanda kidogo, ikafa tena.

Hapo nikawajua mafundi wa mji wetu. Wa kwanza alisema kabureta. Aliifungua, akaomba petroli ya kuioshea, baba mdogo akavua ufunguo, akafungua, fundi akanyonya kwa mpira akajaza chupa, kifuniko kikarudi na kufuli lake. Gari likawaka, likaenda vizuri hadi jioni, fundi akalipwa na kusifiwa. Kesho yake mlimani likakata. Wa pili alisema pampu, naye akahitaji chupa ya petroli kuioshea. Wa tatu alisema plagi. Ziliogeshwa petroli kama maharusi. Wa nne alikuwa na elimu zaidi. Alimimina petroli ya kuoshea kwenye kiganja, akaitazama juani, akasema ina maji na maji hayo yametiwa na wakimbizi. Baba mdogo alimlipa zaidi ya wote. Kila mmoja aliponya gari kwa siku moja, kila mmoja alimcheka aliyemtangulia, na wote wanne jioni walikunywa kahawa kwenye baraza letu, wakijadili ugonjwa wa pikapu kwa sauti za maimamu.

Wa tano alitoka ng'ambo. Alilala kwenye veranda ya duka la jirani, na sijui alifanyaje kwa kukunja suruali yake chini ya mkeka, lakini kila asubuhi ilikuwa na mstari ulionyooka kuliko tabia ya mtu yeyote mtaani kwetu. Alikuwa fundi kwao. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alisimama mbele ya pikapu yetu akaitazama kama mtu anayetazama nguo ya ndani ya mgeni imeanikwa barabarani.

Alikuwa na shida moja. Mkewe alibaki ng'ambo kumuuguza mama mkwe, na waliagana kwamba akivuka atashukia Kibirizi, naye atakuwa pale akimngoja. Sasa tangazo lilikuwa limepita: kila aliyevuka na hana mwenyeji wa kumwandikia barua ya undugu, Ijumaa apande lori aende kambini. Kambi ni mbali na maji. Mwanamke atashuka na furushi lake, atageuka kulia na kushoto, na mumewe hatamwona.

"Itengeneze," baba mdogo akamwambia, "nitakuandikia kwamba wewe ni mtoto wa shangazi yangu wa Ilagala."

Barua niliiandika mimi, na niliiandika kwa raha. Nilimpa shamba la muhogo karibu na mdomo wa mto Malagarasi, nyavu mbili, na mama aliyezama ziwani. Alisoma polepole, akaweka kidole kwenye mstari.

"Dada, mama yangu umemuua kwa nini?"

"Inagusa moyo zaidi."

"Muache hai. Andika iko mugonjwa tu."

Nikaandika upya. Ilibaki saini ya baba mdogo.

Siku ya kazi, fundi hakushika spana. Alisema anataka kupanda gari. Tukakaa watatu mbele, dagaa nyuma, na mlimani pikapu ikafanya kama kawaida yake: ikakohoa, ikajivuta, ikakata. Baba mdogo akafungua mlango akafungue boneti. Fundi hakusogea.

"Papa, lete ufunguo wa tangi."

"Wa nini? Mafuta yamo. Nimeyatia mwenyewe."

"Najua yamo. Lete."

"Unataka kuosha nini?"

"Sitaki kuosha kitu. Fungua."

Baba mdogo alivua ufunguo kama anavuliwa jino. Kufuli likatoka, kifuniko kikakataa. Fundi akakishika kwa mikono miwili, akakizungusha hadi mishipa ikamsimama shingoni, kisha kikaachia, na tangi likavuta hewa. Sijasahau mvuto ule. Ulikuwa mrefu, wa kina, kama wa mtu aliyezama akafika juu dakika ya mwisho. Fundi akaweka kifuniko juu ya boneti.

"Washa."

Ikawaka mara moja.

Akatueleza pale pale, injini ikinguruma. Alimwelekea baba mdogo, akasema taratibu kama anasema na mtu mgumu kusikia. "Ukinyonya maji kwenye chupa, midomo umebana, hewa haiingii, utapata maji ngapi? Kidogo, kisha chupa inakunyonya weye. Motoka hii iko hivyo. Pampu inavuta, tangi inakataa. Kifuniko cha kiwanda kiko na tundu ndogo ya pumzi. Weye umeziba."

"Lakini mafundi wanne wameiponya," nikasema. "Kila mmoja siku moja."

"Waliomba petroli ya kuosha?"

"Wote."

"Basi walifungua tangi, hewa ikaingia. Chupa moja ya kuosha, moja ya kwenda nayo nyumbani." Akacheka mara ya kwanza tangu nimjue. "Wizi wao ndiyo dawa."

Akaomba msumari na jiwe. Akatoboa kifuniko na mpira wake, tundu moja dogo. Tulifika Kalinzi bila kusimama, tukarudi na ndizi bila kusimama, na baba mdogo njia nzima alikaza macho barabarani. Nilidhani ni aibu, nikamheshimu kidogo. Nilikosea, alikuwa anatafuta mlango wa kutokea.

Alasiri tukaingia sebuleni watatu. Barua ilikuwa mezani. Nje, barazani, sauti za mafundi wawili zilisikika wazi kati ya milio ya vikombe.

"Sasa mkimbizi kaona nini ambacho sisi hatukukiona?"

"Kaona petroli."

Baba mdogo akashika kalamu, hakuandika. "Nitatia saini," akasema kwa sauti ndogo. "Ila ukitoka hapo nje, sema ilikuwa pampu."

"Haikuwa pampu."

"Najua haikuwa pampu. Sema."

"Papa, pampu yako nzima."

"Umekubali kuzaliwa Ilagala. Umekubali mama yako awe dada wa baba yangu. Pampu inakushinda?"

Fundi alitazama barua, kisha mstari wa suruali yake. Nilikuwa nikiomba moyoni aseme pampu. Neno dogo, silabi mbili, na mwanamke anashuka Kibirizi anamkuta mumewe.

"Ile ni maneno ya ofisi," akasema. "Ofisi inataka maneno, mie nimeipa. Lakini hii motoka, nikisema pampu, kesho unaziba tundu, kwa sababu mie nimesema tundu haina kazi. Itakata mlimani. Fundi mwingine ataipasua pampu nzima, juu ya neno langu. Siwezi."

"Si gari lako."

"Ndiyo. Si yangu."

Baba mdogo akarudisha kifuniko cha kalamu, kikalia. Akasema mtu aliyetoboa tundu kwa msumari hajafanya kazi ya fundi, hajabadilisha hata kipuri kimoja, na yeye hawezi kutia jina la ukoo kwa ajili ya tundu. Alisema hayo kwa sauti kubwa sasa, ya kufika barazani.

Nimemdharau kwa hilo miaka yote, na ni rahisi kumdharau; alijiweka wazi kama dagaa kwenye mchanga. Nilimdharau na fundi vilevile, wiki nzima, kwa kuuza mke kwa pampu. Lakini saini ya baba mdogo ilikuwa mstari mmoja wenye mkia. Nilikuwa nimeitia kwenye ripoti zangu za shule tangu darasa la sita, naye hakuwahi kujua. Barua ilikuwa mbele yangu na kalamu ilikuwa mbele yangu, na baba mdogo alikuwa amegeukia dirisha. Ningehitaji muda wa kupepesa macho. Niliikunja tu barua mara mbili, vizuri, kingo kwa kingo, kama karani.

Fundi akasimama, akachukua mfuko wake wa spana ambao hakuufungua.

"Barua iko muzuri, dada," akaniambia. "Asante kwa kumuacha mama."

Barazani vikombe vilinyamaza alipotoka. Mmoja akamuuliza, "Haya fundi, ilikuwa nini?" Akampita. Nilimwona akishika njia ya Kibirizi, siku mbili kabla ya lori la Ijumaa.

"Funga mlango," baba mdogo akasema. "Vumbi linaingia."

Hapakuwa na upepo. Nikaufunga.