Ndoo ya Chokaa na Njia ya Guta

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala rula. Nilipewa ndoo ya chokaa. Nilikuwa nimetoka Magomeni kwa miguu, shati limenyooka kwa pasi ya mkaa, nikidhani nitakaa mezani. Fundi Mkuu wa karakana ya barabara, pale Ilala, alianza kwa kunitazama viatu.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba. Umekuja kazini au umekuja kuposa?"

Wenzangu wakacheka. Alinipeleka kwenye makutano nyuma ya soko la Kariakoo, akaniamuru niinyunyize ile chokaa barabarani, nyembamba kama unga kwenye kibao cha chapati, kisha nikae kando. Ilipofika adhuhuri, miguu na matairi vilikuwa vimeacha njia zake juu ya ule weupe.

"Barabara ina wenyewe," aliniambia. "Kabla hujawachorea, waache wakuchoree."

Ndivyo tulivyopima wakati ule. Nyinyi mnaopima kwa simu msicheke.

Sikubaki kuwa mmwaga chokaa. Nasema bila haya: katika kundi letu hakuna aliyefika nilikofika. Nilikwenda Kopenhagen, huko Ulaya, kwa nguvu zangu, bila mjomba serikalini. Mchana nikisoma, jioni nikiosha sahani hotelini, mpaka nikapata diploma ya ufundi wa barabara. Iko ukutani sebuleni kwangu hadi leo, na mgeni haletewi chai kabla hajaisoma. Niliporudi, Mhandisi Mkuu alinipangia kituo cha katikati ya jiji, akanipa na jina: Bwana Diploma.

Huko nilipigania njia ya guta. Guta ni ile baiskeli ya magurudumu matatu yenye kitanda cha mizigo, inayoibeba Kariakoo nzima, kuanzia marobota ya vitenge hadi majokofu. Mhandisi Mkuu hakutaka hata kusikia.

"Bwana Diploma, jiji la kisasa halina guta."

"Mzee, huko nilikosoma yapo, na wanaoyaendesha ni madaktari."

"Basi kawalete hao madaktari waje wabebe mchele!"

Sikubishana. Nilimwaga chokaa, nikampandisha ghorofa ya duka moja, nikamwambia atazame chini. Alama za magurudumu matatu zilikuwa zimejaa upande mmoja wa barabara, zimefuatana kama nyuzi za mkeka. Alizifuata kwa kidole hadi kona.

"Haya, chora. Lakini wakinizibia njia mimi na gari langu, nakupeleka ukapime mitaro."

Nikachora. Kila aliyepita na mzigo pale bila kugongwa na gari alinufaika na mstari wangu, ajue asijue.

Nikastaafu. Mke wangu akatangulia mbele za haki, nami nikabaki peke yangu Ilala na kifua kilichokula moshi wa lami miaka yote. Binti yangu Rehema, ambaye ni muuguzi, anaishi Kopenhagen na mwanawe Idi. Mwaka jana aliniita nikawatembelee. Alikuja kunipokea stesheni ya treni na guta la kwao, lenye sanduku mbele.

"Baba, panda."

"Nipande wapi?"

"Humo kwenye sanduku."

"Mimi? Kama gunia la viazi?"

Idi, aliyekuwa amekaa humo tayari, akajisogeza. "Babu, nafasi ipo."

Nikapanda. Nilicheka hadi machozi, nikimkumbuka Mhandisi Mkuu. Kesho yake nilishika usukani mwenyewe, Idi mbele, nikawaonyesha kona za Kariakoo. Bibi kizee mmoja alinipita akinigongea kengele kwa hasira. Mimi, mwenye diploma ya mji wao!

Ule mji umezidi hata nilivyouacha. Asubuhi baiskeli hupita kama maji ya mfereji, hakuna honi, hakuna moshi. Theluji ikianguka, njia ya baiskeli husafishwa kabla ya ile ya magari. Maganda ya chakula yana ndoo yake, karatasi ina yake. Na kifua changu kikatulia. Nikawa nalala moja kwa moja, bila kuamka na kukaa kitako kutafuta pumzi.

Rehema aliliona hilo. "Baba, hamia huku. Ilala unamsubiri nani?"

Nilizunguka mitaa ile nikichagua mahali nitakapokaa jua likitoka. Lakini kila nilipotazama, kazi ilikuwa imekwisha. Nilifurahi, kisha nikaona sina pa kuweka mikono. Nikamwambia nitarudi nyumbani nikafikiri, na nitamjibu kabla ya mfungo wa Ramadhani.

Niliporudi nilikwenda Kariakoo, nusu kutembea, nusu kuaga. Mstari wangu ulikuwa umefutika na magari yameegeshwa juu yake. Hamza, kiongozi wa waendesha guta, aliniona kwa mbali.

"Mzee Diploma! Umenawiri kama bwana harusi!"

"Hewa ya Ulaya hiyo."

"Basi tusaidie kabla haijakuishia. Barabara inapakwa rangi upya, na wenye maduka wanasema hapa hapajawahi kuwa na njia yetu."

Mhandisi wa sasa alikuwepo palepale, binti mwenye kofia ya njano.

"Shikamoo, mzee. Ni kweli ilikuwepo?"

"Marahaba. Umewahi kumwaga chokaa?"

"Chokaa ya nini tena, mzee?"

"Agiza ndoo."

Hamza akazuia magari, nami nikaanza kunyunyiza, nikirudi kinyumenyume kama nilivyofundishwa. Simu ikaita. Rehema.

"Baba, mfungo unakaribia. Umeamua nini?"

Vumbi jeupe lilinipanda puani. Nikakohoa, nikakohoa tena.

"Unakohoa."

"Ni chokaa, mwanangu."

Nilisikia kengele za baiskeli upande wake, naye bila shaka alisikia honi upande wangu.

"Basi funika pua, Baba," alisema hatimaye.

Nikafunga leso usoni, nikaendelea. Alasiri ile magurudumu matatu yalijichora palepale pa zamani, na yule binti mhandisi akapiga picha awaonyeshe wapaka rangi.

Nimeshastaafu, na najua nilichokiacha kwa kutohamia. Kifua kinaponibana huuwaza mji ule, na Idi ndani ya sanduku lake. Kukikucha nachukua fimbo yangu naenda Kariakoo kuangalia nani ameegesha kwenye njia ya guta, nami humgongea kioo.