Kimya cha Kalesita

Kalesita Moala, binti wa Viliami Fakatava aliyejenga ukuta wa kanisa la Fangatoa kwa mawe ya matumbawe, mjukuu wa Seini aliyetengeneza ngatu, shuka la magome ya mti lenye michoro, ya sehemu mia kwa mazishi ya chifu bila tundu hata moja, mke wa Tevita fundi paa, alikaa kichwani mwa gogo la kazi miaka thelathini na mmoja. Hakuna mwanamke wa visiwa vya Vava'u aliyekaa hapo muda mrefu zaidi yake. Anayekaa kichwani ndiye anayefunga nakshi, vile vibao vya michoro, juu ya gogo, ndiye anayesema "vuteni" shuka la magome lisogezwe, na ndiye peke yake anayeiona kazi yote. Waliopangana huku na huku wakisugua rangi juu ya shuka ili michoro itokee, kila mmoja huona upande wake tu.

Mwezi wa Mei wifi yake akarudi. Lesieli, dada mkubwa wa Tevita, alikuwa ameishi Auckland miaka ishirini na miwili. Alifiwa na mume huko, akateremka melini na masanduku saba na kofia ya kanisani yenye manyoya. Dada wa mume haambiwi hapana. Watoto wa Kalesita walimpa shangazi yao chumba chenye upepo, na nguruwe alipookwa, mnofu wa mgongoni ulikwenda kwake. Kalesita alitazama, akahesabu kila kipande.

Ijumaa, katika darasa la wanawake kanisani, kila mmoja alitaja zoezi la roho atakalolishika. Jirani yake Pisila alisema ataacha umbea, na wenzake wakamwombea kwa muda mrefu. Kalesita akasema, "Mimi nitamvumilia mtu mmoja." Hakumtaja. Macho yote yakaenda kwenye ile kofia.

Jumatatu walianza ngatu ya kumuaga mchungaji, sehemu hamsini. Kwa adabu, Kalesita alimwambia wifi yake, "Wifi, karibu kichwani." Maneno hayo husemwa, na jibu lake kila mtu analijua: hapana, hapo ni pako. Lakini Auckland ilikuwa imemsahaulisha Lesieli jibu.

"Asante, mpenzi," akasema, akakaa.

Kalesita akaenda pembeni, na kitambaa cha rangi mkononi kama msichana anayejifunza. Kutoka hapo, wengine wakiwa bado wanachanganya rangi, aliona Lesieli akifunga nakshi mbili za njiwa, moja kila upande, na akizifunga ili kila njiwa asimame wima mbele ya mwanamke aliyemkabili. Vichwa vya pande zote mbili vikaelekea mgongo wa gogo. Shuka likitandazwa chini, nusu ya njiwa wangekuwa miguu juu.

Neno lilimfika kwenye meno. Kisha akajiambia: nimeahidi kuvumilia. Akaona raha jinsi hilo lilivyomkaa vizuri, akachovya kitambaa, akasugua.

"Vuteni," alisema Lesieli, na kila "vuteni" ilimchoma Kalesita kama mwiba. Na kila ilipomchoma, alijituliza kwa kutazama sehemu nyingine ikiharibika.

Mchana alimkatia wifi yake jimbi la taro.

"Mbona leo huna neno?" aliuliza Lesieli. "Zamani wewe ulikuwa redio."

"Nasali moyoni, wifi."

"Punguza kusali," alisema Pisila. "Umesugua mahali pamoja mpaka panataka kutoboka."

Jumatano, walipofika sehemu ya ishirini, waliitandaza ngatu nyasini ikauke. Pisila alikuwa wa kwanza kusimama mbali kidogo.

"Jamani, hawa njiwa wa huku wamelewa? Wananing'inia kama popo."

Wanawake walicheka mpaka wakafuta machozi. Lesieli aliizunguka ngatu mara mbili, akavua miwani.

"Magome ya mwaka mzima," alisema, akaondoka kwenda nyumbani.

"Kalesita, rudi mahali pako," wakamwambia. Akarudi, akakaa. Utamu aliupata, asisingiziwe kwamba hakuupata. Ulimdumu hadi Ijumaa.

Darasani, mama mchungaji alisema, "Wiki hii tumefundishwa uvumilivu. Kalesita amekalishwa pembeni, hakununa, hakujibu."

"Amina," walisema wenzake.

Lesieli alikuwa kwenye mkeka wa nyuma, bila kofia. "Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Ningekuwa mimi, ningenuna."

Kalesita angeweza kuinamisha kichwa tu, na sifa ingebaki yake. Akasimama.

"Niliona Jumatatu," alisema. "Kabla gundi ya kuunganisha magome haijapakwa. Nilinyamaza ili aaibike, na kimya hicho nikakiita uvumilivu."



"Siku tatu?" aliuliza Lesieli. "Na huku unanikatia taro?"

"Nilikukatia kipande kikubwa."

"Kikubwa kweli. Nikadhani unanipenda."

"Nakuonea wivu, wifi. Tangu ulipoteremka melini. Hata sasa nakuonea."

Lesieli akahamia mkeka wa mbele, karibu naye.

"Jumatatu tutakata sehemu zote ishirini, tuanze upya," Kalesita aliendelea. "Magome nitatoa yale niliyomwekea binti yangu kwa harusi yake. Wewe utakaa kichwani, mimi nitakuwa kulia kwako, nikuonyeshe nakshi inavyofungwa. Kosa nitalisema papo hapo, na nitalisema taratibu. Hilo ndilo zoezi langu sasa. Ila peke yangu siliwezi, kwa hiyo na wewe nakupa kazi. Ukiniona nimenyamaza, nifinye. Niulize ninanyamazia nini, na usiniache mpaka nijibu."

"Nikufinye kwa nguvu gani?"

"Ya wifi."

"Basi Jumatatu," alisema Lesieli, "uje umevaa nguo nzito."