Kikaratasi cha Pole

Kaka yangu hajui kukaa. Tangu tukiwa wadogo mama alikuwa akimwambia, "Kalia hicho kiti, hakina miiba," naye anakaa, unapepesa macho, ameshasimama. Kiguu na njia. Kazi ya kumfaa ilikuwa moja tu na bahati nzuri aliipata: anafundisha watu kuendesha gari. Mwaka wa ishirini na mbili huu anakaa pembeni mwa mtu anayetetemeka usukani, na hapo tu, gari likiwa linakwenda, ndipo nimewahi kumwona ametulia. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Breki, maana hakuna anayeshuka garini bila kupigiwa kelele: "Breki ya mkono! Umevuta? Vuta tena!" Hata nyumbani tumechoka nayo. Ukitua sufuria mezani atakuuliza kama umevuta breki, kisha anacheka peke yake.

Mimi ni karani wa chuo anachofundisha. Naandikisha wanafunzi, napanga zamu za magari, na dirisha langu linatazama uwanjani, kwa hiyo mengi hayanipiti.

Jambo la pili la kumjua kaka: hasemi samahani. Anasema pole. Akikukanyaga, pole. Akimwaga chai kwenye daftari langu la zamu, "Pole, mdogo wangu," kana kwamba chai imejimwaga yenyewe na yeye amekuja kunifariji. Miaka mitatu iliyopita nilipasuliwa tumbo, na siku ya kuruhusiwa aliahidi kunifuata saa tatu asubuhi. Nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi, mfuko wa nguo miguuni, mkono juu ya nyuzi, mpaka saa tisa. Alikuwa amesahau! Akaja anapiga honi, akateremka, akaniambia, "Pole sana, mdogo wangu. Benchi gumu, eh?" Kama si zile nyuzi ningemtia kofi. Nampenda kaka yangu, lakini hilo sijamsamehe, na ningemsameheje wakati hajaomba?

Sasa kuna Mkuu. Mkuu wa chuo ni mama asiye na mchezo. Kila Ijumaa saa kumi anazungukia magari na daftari mkononi na kitambaa begani. Anapangusa, anainama, anaandika. Gari la kaka lilikuwa na alama mbili tayari mwaka huu. Ya kwanza, mwanafunzi alichanganya breki na mafuta akalibusu geti. Ya pili, mwanafunzi mwingine, pipa la takataka. Mkuu akamwambia mbele yetu sote, "Mwalimu, alama ya tatu utaingia darasani."

Darasani maana yake chaki. Chumba cha nyuma, dirisha moja, kuchora alama za barabarani ubaoni toka asubuhi mpaka jioni. Mwaka jana mwalimu wa darasani aliugua na kaka akashika nafasi yake wiki moja. Wiki moja tu, jamani, akakonda. Alikuwa hali, halali, anazunguka meza ya chakula huku watoto wake wanamtazama. Aliniambia, "Mdogo wangu, chumba kile kitaniua." Nilizoea kumtania kwa kila kitu, lakini hilo sikulitania.

Basi, Ijumaa yenyewe. Asubuhi uwanja ulikuwa umejaa, akaegesha mtaani, kwenye kile kimteremko kinachopita mbele ya geti. Hata hajazima gari vizuri nikamwita kwa dirisha, "Kaka! Njoo usaini, karatasi za mtihani zinaondoka sasa hivi!" Akaja mbio. Akasaini, tukagombana kidogo kuhusu zamu ya Jumatatu, akanywa chai yangu, akatoka. Dakika haikupita nikasikia, "Ala! Ala! Nani huyu?"

Nikatoka. Bampa ya mbele ilikuwa imebonyea, na juu ya rangi ya manjano kulikuwa na mkwaruzo mweupe wa urefu wa kiganja. Chini ya wipa kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa vizuri, mwandiko wa mtu aliyesoma: *Pole sana mwalimu. Nipigie.* Na namba ya simu. Chini ya tairi ya mbele kulikuwa na jiwe.

"Na jiwe ameniwekea!" kaka akafoka. "Ananigonga, halafu ananiwekea jiwe kama gari bovu! Na eti pole! Mtu anakugonga anakupa pole?"

Nilimtazama. Nilitaka kusema kitu kuhusu benchi, nikajizuia. Akaingia garini akiwa amevimba, akalirudisha nyuma kidogo, akateremka akalipiga lile jiwe teke, akaliingiza gari uwanjani. Akatema mate kwenye leso akausugua ule weupe. Haukutoka. Akatazama saa. Ilikuwa saa nne kasoro. Toka hapo mpaka saa kumi sikumwona amesimama pahali pamoja.

Alipiga simu akiwa anazunguka ofisini kwangu, simu imewekwa sauti ya juu. Akapokea mwanamke.

"Mwalimu! Pole sana."

"Pole ya nini?" kaka akasema. "Sema samahani!"

"Mimi niseme samahani?"

"Wewe, ndiyo! Au kuna mwingine? Gari nimeliegesha, limekaa zake halina habari, unakuja unalivaa, halafu unaniandikia pole kana kwamba nimefiwa! Unajua leo ni Ijumaa? Unajua Ijumaa hapa kuna nini?"

"Mwalimu, nisikilize kwanza."

"Sisikilizi! Samahani kwanza, mengine baadaye!"

Mwanamke yule akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Nashona mapazia, duka la pili chini ya mteremko. Njoo mwenyewe." Akakata.

Kaka alikuwa mbogo. Nilifunga ofisi nikamfuata, kwa sababu namjua, na kwa sababu sikutaka mshona mapazia wa watu aporomoshewe maneno akiwa peke yake na cherehani yake. Njiani alikuwa anasema peke yake, "Atasema. Leo atasema. Atalitamka neno lenyewe, herufi kwa herufi."

Tukamkuta mama wa makamo, tepu ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Akazitoa pini moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo, bila haraka. Kaka akaanza. Yule mama akamwinulia kiganja, akasema, "Twende nyuma," akatutangulia kupita katikati ya majora ya vitambaa.

Nyuma ya duka kulikuwa na gari dogo jeupe. Taa ya nyuma ilikuwa imepasuka yote, vipande vyekundu vimekusanywa ndani ya kopo, na bampa yake ilikuwa na mstari wa rangi ya manjano.

"Mimi nilikuwa nimeegesha pale chini, mbele ya mlango wangu," akasema. "Niko ndani nakata kitambaa, nasikia pa! Natoka, nakuta gari la chuo limenilalia, ndani hamna mtu. Likaja lenyewe, mwalimu. Taratibu kabisa, kama linakuja kusalimia. Tukalisukuma kurudi juu na jirani, tukaweka jiwe lisije tena. Nikasema masikini, huyu mwalimu ana mwanafunzi mzembe kweli, aliyeacha gari bila breki ya mkono. Nikakuonea huruma. Ndiyo maana nikaandika pole."

Nikaona mkono wa kaka unashuka ubavuni, vidole vinashika hewa, vinavuta. Vinavuta tena. Na mimi mwenyewe nikaelewa, kwa sababu asubuhi ile hakukuwa na mwanafunzi garini, na aliyemwita mbio mbio kwa dirisha ni mimi.

"Pole, mama," kaka akasema mwishowe.

"Pole nimeshapewa na mtaa mzima," yule mama akajibu. "Wewe ndiye mwenye gari."

Kaka akakodoa macho. Nilimwona akijaribu, nawaambia kweli, midomo ilikutana ikaachana. Neno halikutoka. Akasema taa ataileta yeye mwenyewe na kuifunga kabla ya jua kuzama. Mama akasema haya, na akarudi kwenye pini zake.

Tulipanda mteremko. Getini nikamshika shati.

"Kaka, kile kikaratasi kiko wapi?"

"Mfukoni."

"Mpe Mkuu. Usiseme lolote, mpe asome tu. Ataelewa anavyoelewa. Si hata wewe ulielewa hivyo hivyo?"

Akanitazama muda mrefu. "Huyo mama je?"

"Mkuu hana haja ya kwenda kumtafuta. Taa utafunga, atakuwa ameridhika. Nani ataumia?"

Msinihukumu haraka. Nilikuwa nakiona kile chumba cha nyuma, na nilikuwa bado namsikia akiitwa kwa dirisha kwa sauti yangu mwenyewe.

Alikwenda akanunua taa, akaifunga, akarudi saa nane. Toka hapo alikuwa na mchecheto wa mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Aliingia ofisini akatoka. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akasimama. Akaenda garini akafungua mlango, akavuta breki ya mkono, akafunga, akafungua tena kuhakikisha imevutwa. Alinipigia kelele kuhusu kalamu. Nikampigia kelele kuhusu viatu vyake vyenye udongo. Roho zetu zilikuwa juu juu na hakuna aliyetaka kusema kwa nini.

Saa kumi Mkuu akatoka na daftari lake. Gari la kwanza, la pili. Kwenye la manjano akasimama, akapangusa ule weupe kwa kitambaa, akausugua kwa ukucha.

"Mwalimu."

Kaka akatoa kikaratasi, akampa. Mkuu akasoma, akageuza nyuma, akasoma tena mbele.

"Ohoo. Kwa hiyo umegongwa umeegesha. Na mgongaji amekiri na namba ameacha." Akafunga daftari. Nilipumua mpaka nikashika ukuta. "Hawa ni wachache siku hizi. Mpigie, nimsikie, tumalizane."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kaka alinitupia jicho mara moja, nikajitia kutazama magari. Akatoa simu, akabonyeza, akaweka sauti ya juu. Ningependa kuwaambia kwamba alisimama wima kama shujaa, lakini alikuwa anatembea, hatua tatu huku, hatua tatu kule, Mkuu anamfuata kwa macho.

"Haloo, mwalimu," sauti ikasema. "Taa nimeiona, inawaka."

"Mama," kaka akasema, na hapo ndipo akasimama. "Nimekupigia kwa jambo jingine. Gari lilikuwa langu. Breki ya mkono sikuvuta. Hakukuwa na mwanafunzi, ni mimi. Nimekugonga, halafu nikakufokea." Kisha likatoka, zito, kama mtu anayetoa gari kwenye matope. "Samahani."

"Haya, mwalimu," yule mama akasema. "Nimesikia. Yameisha."

Mkuu alisimama na kikaratasi mkononi. Akakikunja palepale pa mkunjo wake wa zamani akamrudishia. Halafu akafungua daftari akaandika, na alipomaliza hakuwa na sauti ya Ijumaa zote. "Jumatatu saa mbili, mwalimu. Chaki ziko kabatini kwa karani."

Jumatatu nilimpa chaki. Hatukutazamana. Ukuta wa ofisi yangu ndio ukuta wa darasa, na asubuhi nzima nilimsikia: hatua nne mpaka dirishani, hatua nne mpaka mlangoni, sauti ikisema simama, pita, usigeuze, toa nafasi. Mara moja akasema, "Breki ya mkono," na darasa zima likacheka, maana habari ilikuwa imeshafika. Yeye hakucheka. Uwanjani gari la manjano lilitoka na mwalimu mwingine.

Saa nne, wakati wa mapumziko, akaja kwenye dirisha langu. Chaki mpaka kwenye nyusi. Nilijua amekuja kuniambia kwamba nilimwita mbio mbio siku ile, na nilikuwa nimeshajiandaa kujibu, jibu lenyewe kali. Akaegemea kizingiti, akakipiga piga kwa vidole.

"Ile siku ya hospitali," akasema.

"Siku gani?"

"Ya benchi. Saa tatu mpaka saa tisa."

Nikaweka kalamu chini.

"Samahani," kaka akasema.

Nilimtazama zile nyusi nyeupe, na nyuma yake mlango wa kile chumba uko wazi unamsubiri, na kengele ikalia.

"Pole, kaka," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani.